Aliyelala Nyuma

Madereva wa Lubumbashi walikuwa na usemi wao juu ya Godefroid: gari likitoka mikononi mwake, shimo ndilo linaloogopa. Garaji yake ilikuwa uwanja wa udongo mweusi, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja huko Kamalondo. Alikata vipande vinene vya mpira kutoka kwenye matairi ya malori yaliyochakaa, akavibana katikati ya mizunguko ya springi, na gari likapanda juu vidole vinne vizima. Baada ya hapo lingeweza kupita njia mbovu za mtaa wa Ruashi mvua ikinyesha bila kuburuza tumbo. Bomba la moshi halikung'oka, jiwe halikuigusa injini. Wenye taksi walimjia tangu alfajiri.

Kwa hiyo Dominique alipoanguka, Godefroid hakungoja kuombwa. Baba zao walishuka pamoja kutoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, na wao wenyewe walibatizwa siku moja, wakaimba besi katika kwaya ileile mpaka mvi zikawaota. Mvua za kwanza zilipoanza, Dominique alipanda paa la nyumba yake huko Ruashi kuziba tundu, bati likateleza, akavunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Hospitali ilimruhusu baada ya majuma saba, lakini ilimpasa kurudi kila Jumanne na Ijumaa kunyoshwa viungo. Binti yake Lydie, mwalimu wa shule ya msingi, alilaza viti vya nyuma vya gari lao dogo, akatandika godoro.

“Leteni hiyo gari,” Godefroid alisema. Alilifanyia kazi siku nzima, akaweka springi ngumu za pikapu upande wa nyuma, akabana mipira minane. Hakupokea hata soda. Alilirudisha mwenyewe, akipiga honi mtaa mzima.

Majuma matatu baadaye Lydie alifika garajini peke yake.

“Papa Godefroid, papa yangu hataki tena kwenda hospitali.”

“Juu ya nini?”

“Anasema amepona. Lakini miye niko namuona vile anashuka mu gari. Anaumaka shuka ya godoro na meno, asilie.”

Godefroid aliinama chini ya gari. Akagonga hapa, akatikisa pale. Hakuna bolti iliyolegea.

“Gari iko muzima.”

“Gari iko muzima, papa. Ule iko ndani njo haiko muzima.”

Maneno yale yalimchoma. “Basi ni weye,” akasema. “Unapiga mbio.”

Lydie alifungua mlango wa nyuma. Godoro lilikuwa bado limetandikwa, na mto juu yake.

“Lala, papa. Lala vile yeye analalaka. Nitaenda polepole.”

Wenye taksi waliokuwa wakingoja wakaanza kucheka. Mzee mzima, tena fundi, alazwe mbele ya wateja wake kama mgonjwa! Godefroid alitaka kukataa. Lakini Lydie alikuwa ameshika mlango kama anavyomshikilia mwanafunzi mkaidi, na hakuonyesha dalili ya kuuachia. Fundi akavua viatu, akapanda, akalala chali.

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba haoni njia. Aliona dari ya gari na kipande cha wingu. Miaka yote alijua mashimo ya mji huu akiwa ameshika usukani, na mwenye usukani huliona shimo kabla halijafika. Mwili wake hujikaza wenyewe bila kuambiwa. Aliyelala nyuma haambiwi na mtu.

Shimo la kwanza lilimfikia bila taarifa. Gurudumu lilianguka, springi iliyobanwa mipira ikakataa kujikunja, na pigo likapanda moja kwa moja, likapita sakafu, likapita godoro, likamwingia nyongani.

“Umegonga jiwe?”

“Hapana, papa. Kashimo kadogo. Gurudumu moya tu njo imeingia.”

Wakatoka kwenye lami, mahali ambapo malori ya madini yameila barabara kandokando mpaka imebaki kama sahani iliyovunjika. Hapo Godefroid aliacha kuuliza. Alifunga kinywa asijing'ate ulimi. Mara alitupwa kushoto, mara kichwa kiligonga ukuta wa gari. Alisikia pia jambo jingine: kila mara Lydie alipoingia shimoni, mguu wake ulikuwa bado juu ya breki, pua ya gari imeinama, na gurudumu likagonga ukingo wa mbele kama nyundo. Kosa dogo, la mtu mwangalifu. Kosa kubwa lilikuwa lake yeye.

Alikuwa amehesabu maisha yake yote mabomba yaliyookoka. Hakuwahi kujiuliza pigo lenyewe huenda wapi. Halipotei. Springi isipolimeza, litamezwa na mtu. Na yeye mgongo wake ulikuwa mzima.

“Rudi,” akasema. Walikuwa hawajafika hata kwenye njia ya reli.

Siku ile aliwaambia wenye taksi warudi kesho. Aling'oa mipira yote minane. Akarudisha springi laini za zamani, akafunga amortisa mpya, yale mabomba ya mafuta yanayoizuia springi isirukeruke baada ya kujikunja. Akapunguza upepo kidogo katika matairi, nayo yasaidie kumeza. Gari likashuka, likashuka, mpaka likaonekana kama kuku anayeatamia.

Chola, dereva wa taksi aliyekuwa amekataa kuondoka, akatikisa kichwa. “Mzee, hii itang'oa bomba mbele ya kufika Ruashi. Utaharibisha jina yako.”

“Bomba najua kuunga,” Godefroid alimjibu bila kuinua uso. “Mugongo sijui.”

Kisha akaketi kando ya Lydie, wakazunguka mitaa ya Kamalondo huku akimfundisha. Funga breki kabla ya shimo, si ndani yake. Ukifika mdomoni mwake, achia, pua ya gari iinuke, gurudumu lijishukie lenyewe. Lydie alikosea mara nyingi, akajirekebisha, na mwishowe alipita bonde moja kubwa mbele ya baa bila hata chupa za mezani kugeuza shingo kuwatazama, kama alivyosema yeye mwenyewe akicheka.

Ijumaa Godefroid alikwenda nyumbani kwa rafiki yake asubuhi. Alimkuta amelala, uso umeelekea ukutani.

“Juu ya nini hukuniambia?”

Dominique aligeuza uso kutoka ukutani. “Niambie nini? Mutu umekomea naye tangu utoto, anakata mipira na mikono yake, anakuletea gari anapiga honi, bantu yote inatoka mu nyumba kuangalia. Njo umuambie, ndugu yangu, zawadi yako inanivunja?”

“Ndiyo. Njo uniambie.”

“Ungeumia.”

“Na weye ulikuwa unaumia.”

Lydie aliwasha gari nje. Godefroid akamwinua rafiki yake kwa makwapa, taratibu, wakamlaza juu ya godoro, kisha yeye mwenyewe akajikunyata sakafuni kando yake, shingo imepinda ili aione njia kupitia kioo cha mbele.

“Shimo,” alisema. Dominique akakaza tumbo. Gari likazama, likainuka, kama mtu anayepumua.

“Lingine. Upande wako.”

Walikwenda hivyo mpaka mjini. Kwenye mtaro mmoja uliochimbwa na mvua tumbo la gari liliburuza kwa kishindo, bomba la moshi likakatika, wakaingia lango la hospitali wakinguruma kama trekta. Dominique alicheka, akaomba asichekeshwe tena kwa sababu kucheka ndiko kulikouma sasa.

Bomba lile Godefroid aliliunga mara nne kabla mvua hazijaisha. Dominique hakukosa siku hata moja. Hakupona kama zamani. Husimama kwa fimbo, na kwaya humwekea kiti.

Wenye taksi bado wanataka mipira, na Godefroid bado anawawekea, maana njia ni zilezile na gari likivunjika nyumbani hakuliwi. Lakini siku hizi, kabla ya kuinua gari lolote, huuliza gari hilo hubeba nani, na jibu likiwa wazee au wajawazito hukata kipande chembamba, au hukataa kabisa. Baadhi wamemhama, kuna fundi kijana mtaa wa Katuba asiyeuliza maswali. Godefroid hawalaumu. Jioni hufagia vumbi la mpira uwanjani, na mara nyingine husimama na ufagio mkononi, akijaribu kukumbuka ni magari mangapi aliyoyainua, na ni akina nani waliokuwa wamekaa nyuma.