Meli Haziendi Likizo

Magreth alikuwa amebakiza kuchapisha tu. Tasnifu yake ya uzamili ilitakiwa chuoni Jumatatu, naye kwa miezi kadhaa alijifungia nyumbani kwao Old Moshi akisikiliza sauti zilizorekodiwa chini ya maji, karibu na lango la bandari. Mwaka mzima ngurumo za injini za meli zilifunika milio ya pomboo. Desemba iliyopita zikashuka ghafla, pomboo wakasikika.

Sababu hakuihangaikia. Mchagga gani asiyejua kwamba Desemba mijini hubaki paka, watu wote wakiwa wamepanda mlimani kuchinja na kunywa mbege? Aliandika kwamba meli nazo hupungua kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo pomboo hupata mapumziko yao kila mwaka bila sheria yoyote.

Aliposhuka mjini kuchapisha, alipita dukani kwa Navneet, aliyesoma naye sekondari na sasa akiagiza vipuri vya magari kutoka ng'ambo.

"Daktari wa samaki! Umemaliza?"

"Pomboo si samaki. Nimemaliza. Desemba meli zikienda likizo, bahari hutulia."

Navneet alicheka hadi akaegemea kaunta. "Nahodha naye anakuja kula mbuzi wa ndafu Marangu? Dada, Desemba iliyopita mzigo wangu niliufuata Holili mpakani! Gati la bandari yetu lilikuwa kwenye matengenezo, meli zikageuziwa Mombasa."

Magreth hakucheka. Ikiwa ndivyo, kelele hazikupungua. Zilihamia kwa pomboo wengine. Na yeye alikuwa karibu kuwaambia wakubwa wa bandari kwamba hakuna la kufanya.

Alitoka nje, akampigia msimamizi wake.

"Shikamoo, Dokta Basili."

"Marahaba. Umeshatuma?"

"Bado. Hitimisho nililikisia. Sikuuliza meli zilikwenda wapi."

"Magreth, ukichelewa hutahitimu na wenzako. Iache, utairekebisha baadaye."

"Baadaye itakuwa imeshasomwa, Dokta. Nitahitimu na watakaofuata."

"Wewe ni mbishi."

"Ndiyo, Dokta. Mombasa nako wapo watafiti wanaorekodi. Naomba barua ya kunitambulisha."

"Utaipata jioni," alisema, akikohoa kuficha kicheko.

Magreth alilipita duka la uchapaji bila kusimama, akaenda stendi kukata tiketi ya basi la Mombasa.