Damu ya Maina

Mzee Wekoye aliponzwa na mdomo wake mwenyewe, na asitafutiwe mwingine wa kulaumiwa. Angenyamaza akavuta pombe yake ya busaa taratibu kama wenzake, leo asingekuwa anapasua kuni za watu huko Bungoma, na miaka yake sabini na miwili.

Alikuwa ametoka Kitale kwa binti yake Nangila, aliyemwandikisha kwenye mazoezi ya wazee katika zahanati moja ya mjini. Huko walinyanyua mitungi iliyojazwa mchanga, wakachuchumaa na kuinuka wakishikilia kiti, na Daktari Chelagat akawapima damu mwanzo na mwisho. Siku ya majibu alimwambia, "Mzee, homoni zako zimepanda kweli. Ni kama za mtu wa miaka arobaini." Alitaka kumtia moyo tu. Hakujua anaongea na nani.

Jumamosi Wekoye akaketi kwenye chungu cha busaa cha wazee nyumbani kwa Mukhisa, kulia kwa Mukhisa, pale alipoketi tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Akashika mrija wake mrefu, lakini kabla hajavuta, akajipalia makaa. Aliwasimulia habari ya damu yake, na miaka arobaini akairudia, asije mtu akasema hakusikia.

Mukhisa, mwenyekiti wa chungu, alitoa mrija mdomoni.

"Ati damu ni ya miaka arobaini?"

"Daktari mwenyewe amepima."

"Sasa wenye miaka arobaini ni rika la Maina. Sisi hapa ni Kinyikeu. Na Maina hakai kwa chungu ya Kinyikeu."

Wekoye alicheka. Alipotazama huku na huku akaona anacheka peke yake.

"Bakoki, si tulitahiriwa siku moja, mimi na wewe?"

"Hiyo ilikuwa kisu," Mukhisa akasema. "Kisu haipimi damu. Hii ni sayansi, bana."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeijua hiyo sayansi, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuipinga. Wekoye akapokonywa mrija, akaelekezwa kwenye benchi la Maina, akina Levi, kando ya ghala, ambako busaa hunywewa kwa kikombe cha plastiki.

Levi ni mtoto ambaye Wekoye alimbeba mgongoni. Lakini Levi hakuchelewa kujua haki zake. Aliyeingia mwisho katika rika ndiye hutumwa. "Wekoye, lete maji ya moto ya wazee," akasema, bila "papa" wala "mzee". Wekoye akaleta. Akapasua kuni. Akabeba gunia la wimbi. Kilichomuuma si kazi, wala kikombe. Mukhisa alikuwa akisimulia jambo kule chunguni, na yeye hakuyasikia maneno. Hilo lilimuuma sana, na mtu mzima kuumia kwa jambo kama hilo ni aibu kusema, basi hakusema.

Akaamua kuzeeka upya. Nyumbani alikataa kutembea, akakataa hata kuinama, mkewe Agneta akawa anamfunga kamba za viatu huku akimtukana kwa kilugha. Lakini kila Jumamosi kazi za Maina zilimngoja, na Levi hakuwa na huruma. Baada ya miezi mitatu akarudi Kitale kupimwa.

"Zimepanda tena," Daktari Chelagat akasema, macho yamemtoka. "Kwani unafanya nini huko?"

"Nafanya kazi ya Maina. Daktari, nipe dawa ya kuzeeka."

"Hiyo huja yenyewe, mzee. Ni wewe unaikimbia."

Akatoka kichwa chini. Kwenye uwanja wa mazoezi, wazee wa watu walikuwa wakichuchumaa. Mmoja alikuwa amevaa gambuti na koti zito, amekumbatia kiti, jasho linamtiririka. Alikuwa Mukhisa, ambaye Bungoma nzima ilijua ameenda Moi's Bridge kutafuta mahindi.

"Unafanya nini hapa?"

Mukhisa alihema kwanza. "Natafuta Maina."

"Umeipata?"

"Damu imekataa kupanda. Wiki ya sita hii." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Hiyo chungu imekufa, bakoki. Nikimaliza hadithi, wale wanasema ni kweli, wanalala. Hakuna mtu wa kubishana na mimi."

"Si ungefuta tu ile amri?"

"Nilitoa mbele ya watu. Nifute namna gani?"

Wekoye aliitafuta hasira aliyokuwa ameilea miezi mitatu, asiione. Akaja nyuma ya kiti, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe.

"Shuka."

Mukhisa akashuka, magoti yakilia, akakwama huko huko chini. Wekoye akamshika kwapani akamwinua bila shida, akamwambia ashuke tena. Mukhisa akashuka, na akiwa chini, pumzi ikimkatika, akaanza, "Unakumbuka siku ile tulivusha ng'ombe Lwakhakha, ng'ombe sita, mto umefurika..."

"Walikuwa wawili," Wekoye akasema. "Na mto ulikuwa umekauka."