Maji Yaliyonuka Moshi

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikitia neno moja la uongo, chai yangu igeuke kabeji mbele ya karani wa mizani, kijiji kizima kikiona.

Nilipostaafu kazi ya boila kwenye kiwanda cha chai, nilirudi kwangu chini ya Chepseon, nikapewa kazi ya heshima: kutunza mabomba matatu yaliyozamishwa ardhini kando ya jaa la taka. Moja liko juu ya jaa, mawili chini. Kila miezi mitatu unateremsha kikopo kirefu kwa kamba, unavuta maji, unajaza chupa, zinaenda kupimwa. Maji ya chini yakiwa machafu kuliko ya juu, basi jaa linavuja.

Bomba la tatu lilikuwa na maji ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Nilichovya fimbo yangu humo, ikatoka imemenywa maganda.

Sasa, hatua mia mbili chini ya bomba hilo kuna chemchemi ya jirani yangu Nyamoita, mama aliyehamia hapa kutoka Kisii miaka ishirini iliyopita. Ng'ombe wake watatu hunywa hapo. Mkandarasi alikuwa ameshaleta mashine ya kuchimba mtaro wa kuyazuia maji machafu, lakini alisema hagusi udongo mpaka kipimo kimoja zaidi kithibitishe kwamba jaa linavuja.

Kipimo kilikuwa cha Jumatatu. Na Jumatatu hiyo kulikuwa na koito ya mpwa wangu, tunaenda kuposa Mogogosiek. Koito bila mimi ni kama ugali bila maji ya moto. Kwa hiyo nilivuta maji Jumamosi. Niyaweke wapi yasiharibike? Kwetu kitu kisichotakiwa kuharibika huwekwa kwenye sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mke wangu Chepkurui alikuwa ametoka kukisugua kimoja kwa mkaa wa mti wa senetwet, kinang'aa ndani kama kiatu cha askari. Nikamimina. Jumatatu alfajiri nikahamishia kwenye chupa, nikaziacha barabarani zichukuliwe, nikaenda zangu kula nyama.

Wiki iliyofuata akaja Nelvine, binti anayepima maji, na uso umekunjamana. Nyamoita alikuwa nyuma yake.

"Mzee Aron, bomba la tatu limepona?"

"Limepona kabisa, binti yangu."

"Rangi imepotea. Harufu ya jaa imepotea. Lakini chumvi iko palepale. Uchafu gani huo unaondoka na kuacha chumvi nyuma?"

Nikakohoa. "Kuna kambale chini ya jaa. Mkubwa, urefu wake kutoka hapa mpaka Kipkelion. Anameza uchafu wote. Chumvi haipendi, ana presha."

Nelvine akafungua chupa, akainusa. "Na huyu kambale anavuta sigara? Maji yananuka moshi."

"Tena mkandarasi ameanza kufunga virago," akasema Nyamoita. "Anasema karatasi imesema maji ni safi. Mzee, ng'ombe wangu wamekataa chemchemi siku ya nne leo. Nimwamini nani, wewe au ng'ombe?"

Nikaanza kutafuta kambale wa pili. Na Chepkurui akatokea jikoni, sotet mkononi.

"Baba Kipruto! Nani ametia maji ya jaa kwenye kibuyu changu? Maziwa yamekatika, yananuka kama tairi!"

Nelvine alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kumbe ule mkaa ulikuwa umeyachuja maji yangu siku mbili, umenywa rangi na harufu, chumvi ukaiacha. Tulivuta maji upya saa hiyohiyo, yeye mwenyewe akishika kamba, tukamwaga kwanza yale yaliyolala ndani ya bomba, ndipo tukajaza chupa. Majibu yalikuja mabaya inavyopaswa. Mkandarasi alifungua virago, akachimba mtaro, akaweka pampu ya kuvuta maji machafu, akafunika jaa kwa udongo wa mfinyanzi. Bomba la tatu sasa linatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa mengi. Nelvine anataka vipimo viwili safi mfululizo kabla chemchemi, tuliyoifunga siku ile, haijafunguliwa.

Hukumu aliitoa Nyamoita: mpaka siku hiyo, maji ya ng'ombe wake nitayabeba mimi, kutoka mfereji wa kanisani, kilimani. Chepkurui alisema amina kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo kila asubuhi mnaniona na mitungi. Ng'ombe mmoja peke yake anakunywa mitungi kumi na tisa, na akimaliza anabisha hodi mlangoni kwangu kuomba wa ishirini.

Nyamoita amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma. Anasema ni mitungi miwili.

Haya, ni miwili. Anasema pia nimechelewa, niache kalamu nibebe.