Uvimbe Wenye Miiba

Muganga Nura, msomaji wa picha za mapafu, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, hakuwa mtu wa kukimbia. Asubuhi ile, hata hivyo, alipanda ngazi za chuo kule Kamenge viatu vikiwa mkononi. Elvire, mwenzake wa hesabu za kompyuta, alikuwa amempigia simu akasema tu, "Kuya mbio!"

Tangu mwaka uliopita wawili hao walihangaishwa na swali moja. Watafiti wa nje waliwapa picha za skana za wagonjwa wa saratani ya mapafu, pamoja na vipimo vya vinyama vilivyokatwa kwenye uvimbe wao, kuonyesha jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Je, kwa kuutazama uvimbe kwenye picha tu, ingewezekana kubashiri jeni zilizo macho ndani yake? Ingewezekana, mgonjwa asiyestahimili kuchomwa sindano ya kifua ili akatwe kinyama angepata msaada.

Elvire alimgeuzia kompyuta. "Angalia, dada! Imebashiri karibu zote!"

Nura alirukaruka kama msichana. Kisha akaisogelea kompyuta.

"Mi naogopa kitu kizuri namna hii," alisema.

Akaziomba picha, akazipitia moja moja, na moyo ukamshuka. Karibu wagonjwa wote ambao jeni zilizobashiriwa zilikuwa macho walipigwa picha kwa mashine moja kuukuu, yenye kutoa picha za ukungu. Kompyuta ilijifunza kutambua mashine, si uvimbe.

"Basi, tumekwisha," Elvire alisema, akajitupa kitini.

"Apana. We toa picha zote za mashine ile. Mi nitachora kingo za kila uvimbe kwa mkono wangu, tuanze upya."

Kazi hiyo ilikula majuma. Uvimbe mwingine ulikuwa laini kama yai. Mwingine ulitoa miiba iliyochoma pafu pande zote. Siku ya jibu Elvire alijifunika uso kwa kitenge.

"Bonyeza we, dada. Mi siwezi."

Nura alisema bismillahi, akabonyeza. Safari hii kompyuta ilikosea mara nyingi zaidi, lakini ilipatia kuliko mtu wa kubahatisha. Wakaijaribu kwa picha za hospitali nyingine, ambazo haikuwahi kuziona. Ikapatia tena. Penye miiba, mara nyingi kundi lile lile la jeni lilikuwa macho.

"Ni kweli, ao naota?" Elvire aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni kweli! Wallahi, ni kweli!"

Walikumbatiana wakapiga kelele za furaha, hata Mzee Gaspard wa ofisi ya jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Nura alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye kompyuta, akaanza kumwonyesha ile miiba, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili vikimtoka kwa pumzi moja.