Bawasiri ya Cherehani

Mume wangu ndiye aliyeupa ugonjwa wangu jina. Nilimweleza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, kwamba nikijisafisha chooni nagusa vinyama vimeniota pembeni mwa njia ya haja kubwa. Hakuuliza vikoje, wala hakutaka kuviona. Alisema hiyo ni bawasiri ya cherehani. Mtu anayeshona sare za shule tangu asubuhi mpaka jioni, makalio hayapati hata hewa, alitegemea nini?

Nikacheka. Nilicheka kweli, maana aliisema vizuri, na ukishapewa jina la ugonjwa unajiona umepona nusu.

Yeye ni fundi makochi. Kesho yake alirudi na mto wa sponji alioutoboa katikati, kauvika kitambaa kizuri kilichobaki kwenye kochi la mteja. Wifi yangu alipouona kwenye kiti changu cha kushonea alisema wanaume wa kutunza wake namna hii wamekwisha. Kichwa kikanivimba. Kila jioni mume wangu alinichemshia maji, akatia chumvi kwenye beseni, nami nikakaa humo kama nguo iliyolowekwa. Nikitaja hospitali ananiambia watanikata, na nikikatwa huko sitakalia tena kiti. Kiti ndiyo kazi yangu. Nikaufyata.

Vinyama havikuijali chumvi. Viliongezeka, vikawasha, vikaanza kuacha damu kidogo kwenye karatasi ya chooni. Siku moja nilikuwa nampima mteja kiuno, mkono mmoja umeshika futi, mwingine unajikuna bila mimi kuutuma. Mama wa watu alinitazama, akatazama dari. Hapo nikapiga moyo konde. Nyumbani nikasema naenda kununua uzi.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye mikono ya baridi na asiye na haraka. Nilimwambia mapema kwamba ni bawasiri, nimpunguzie kazi. Akanilaza ubavu, magoti kifuani, nami nikautazama ukuta na kujikaza kisabuni.

"Nani alikwambia ni bawasiri, mama?"

"Mume wangu."

"Ni mhudumu wa afya?"

"Fundi makochi."

Hakucheka. Alinieleza kwamba bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, na hivi vyangu ni masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, zinazoletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Zinatibika. Ila angenipima na mlango wa kizazi, kwa sababu virusi vya jamii hiyo vingine huleta saratani. Akaongeza kwamba ningekuja zikiwa chache, kazi ingekuwa ndogo.

Damu ikanichemka. Nilimwambia mimi najua mwanamume mmoja tu, na huyo mmoja ananichemshia maji kila siku. Nilimtetea mume wangu kwa ukali huku makalio yangu yako wazi mbele ya mtu nisiyemjua. Daktari akaniacha nimalize. Kisha akasema kirusi hiki kinaweza kulala mwilini miaka na miaka, huenda mume wangu alikuja nacho kwenye ndoa na hakujua. Nikalishika hilo neno, hakujua, kwa mikono miwili.

Akachukua kijiti chenye pamba, akachovya dawa, akapaka kimoja kimoja. Ikachoma kama pilipili. Alisema vinageuka vyeupe, na hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imeshika. Nirudi baada ya wiki, na mume naye aje achunguzwe.

Njia nzima nilikuwa nampangia maneno. Nilimwonea huruma. Akilisikia neno masundosundo atadhani nimeyatoa nje, au ataona haya mpaka ashindwe kula. Nikakata shauri nimpe habari kidogo kidogo.

Jioni akaleta beseni, nikamwambia leo sikai. Nikasema nimepita zahanati, wamethibitisha ni bawasiri kama alivyosema, wamenipaka dawa na inachoma. Hakukasirika. Aliweka beseni chini, akanishika bega.

"Pole, mke wangu. Inachoma siku ya kwanza tu. Zikishageuka nyeupe ndiyo zimekufa, zinadondoka zenyewe."

Sikuwa nimetaja weupe. Sikuwa nimetaja kudondoka. Nilimtazama yule mtu kama nimemkuta ndani ya nyumba yangu bila kubisha hodi.

"Zako zilidondoka?" nikamuuliza.

Akakaa chini. Kisha yakatoka. Alitibiwa zamani, hospitali ya mbali ili asionekane, na daktari wa huko alimwambia aje na mkewe. Wakati huo mimi sikuwa na dalili. Akaomba Mungu zisinifikie, na ziliponifikia akazitafutia jina lingine.

Alikozipata hakusema. Niliumia, sitadanganya, lakini hicho sicho kilichonikata maini. Ni yale maji. Kila jioni alitia kiwiko kupima joto lake nisiungue, akijua hayaponyi kitu, akijua dawa ipo na inapatikana wapi. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikamshukuru mbele ya dada yake.

Nikangoja aniombe radhi. Alijifuta uso kwa kiganja, akatazama mlango.

"Kuna mtu mwingine umemwambia?"

Nilibeba beseni, nikamwaga maji uani.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa daktari peke yangu. Nilipolala ubavu, akaniuliza kama mume wangu anajua.

"Anajua," nikasema. "Alijua kabla yangu."

Kijiti kikasimama hewani. Akaniuliza kama ninataka asubiri kwanza, nilie. Nikamwambia apake tu, ikianza kuchoma nitalia.