Mistari Thelathini na Saba

Na ile pini, kwa nini nduguye Bassam aliitia mfukoni, hilo Abdulkadir hakulijua siku alipokabidhiwa bahasha ya hospitali yenye saa, tasbihi na kipande kile cha chuma kisichozidi kifundo cha kidole, na halijui leo, miaka kumi na mmoja baadaye, akiwa amelala chali juu ya gunia chini ya gari lile lile alilofia Bassam, tochi mkononi, jicho kwenye geji ndogo iliyofungwa nyuma ya injini, sindano yake ikitembea... ikitembea bado, si isimame basi... ni mtu gani avaaye kanzu yake ya Ijumaa akatia pini ya gari mfukoni, "Inasoma ngapi, Mzee?", ni fundi Mutunga huyo, kule mbele, anaizungusha injini kwa spana pole pole, geji haioni, hawezi kuiona, ndiyo sababu akamwomba yeye alale huku, wewe nisomee tu, Mzee, ikizidi mistari kumi hatufungi, kwa heshima yake ile ya kuudhi, heshima ya mtu uliyemvunja na kesho yake akakupa shikamoo, "Zungusha tena," Abdulkadir asema, kana kwamba hakuona vizuri, na ameona vizuri mara mbili, na hii ni ya tatu, sindano yapanda, yapanda, thelathini na saba, yarudi... maana yake ganda la klachi, linaloishika giaboksi, halikai katikati ya injini, maana yake shafti ya giaboksi itaingia kombo na kujila yenyewe kila siku kidogo, na ganda hili si lile lililopasuka, hili Mutunga amelitoa Changamwe juzi, giaboksi nyingine, boliti nyingine, cha zamani kilichobaki ni kimoja, sahani ya chuma iliyo baina ya injini na ganda, kwa kuwa injini hii na giaboksi zile hazikuzaliwa pamoja, gari lenyewe lilikuja ndani ya makasha, baba akaliunganisha hapa hapa uani Kibokoni, bodi ya faibaglasi nyepesi kama chano cha halua, kila kitu ndani yake kimelazimishwa kukaa na mwenzake, na sahani ile hakuikata Mutunga. "Ami, umelala humo?" Mona, binti wa Bassam, miguu yake tu yaonekana mlangoni, "Fundi, huyu yuwapiga usingizi, wewe wajichosha bure," na Mutunga acheka kidogo, "Muache, anasoma geji, hiyo haitaki haraka," amtetea, huyo, amtetea yeye... sahani aliikata nani, aliikata Abdulkadir, alipaka grisi kwenye uso wa injini, akabandika boksi la sabuni, akasugua kwa kidole gumba mpaka matundu yakajichora, vile vile anavyokata gaskiti ya kuziba mafuta kila fundi kutoka Makupa mpaka Mwembe Tayari, na gaskiti haina neno, ikikosea unywele yafungwa na maisha yanaendelea, lakini hii haikuwa gaskiti, na boksi lilikuwa limenyonya grisi likavutika, akaenda nalo kama kipimo kwa mtoboaji chuma hivyo hivyo, Bassam nyuma yake, tupime kwanza kaka, tuazime geji, naye akamjibu mbele ya watu, nipime nini, mimi nimeona. Mimi nimeona. Kisha Ijumaa ile mchana, Makupa, giaboksi ikakamata, magurudumu ya nyuma yakasimama palepale barabarani, na lori lililokuwa nyuma halikuweza kusimama... na walipofungua chuma wakakuta pini moja ya kulielekeza ganda mahali pake na tundu la pili tupu, Abdulkadir akasema, basi, fundi aliyefunga ameisahau, ndugu yangu aliiokota sakafuni kwake, alikuwa anairudisha, na fundi aliyefunga ni Mutunga, na Mutunga akasema niliziweka zote, Mzee, ile ya pili ilikataa, nikaigonga kwa nyundo ndipo ikaingia, na nani alimsikiliza, nani aliuliza kwa nini pini ikatae, yeye alibeba gia zilizovunjika kwenye ndoo akaenda kuzimwaga mezani kwa Mutunga, wateja wamesimama, akasema hizi ndizo ulizomlisha ndugu yangu, na kabla ya Ramadhani banda la Mutunga lilikuwa limefungwa, na mwaka uliofuata akamkuta Marikiti anasukuma mkokoteni, angeweza kumchukua msukumaji mwingine yeyote, walikuwa kumi hapo, akamchagua yeye, akampakilia magunia manne ya vitunguu akamtangulia mpaka nyumbani, pole pole, jua la saa saba, bila kugeuka, na alifurahi, hilo nalo aliseme, alifurahi... "Mzee, ngapi?"... basi pini ilikataa kwa sababu matundu hayakukabiliana, na Bassam aliing'oa, alisikia giaboksi inalia, akaing'oa, alijua, alikuwa anakwenda kwa mtu wa geji, au hakujua, au alijua akaificha ili kaka yake asitahayari, lipi kati ya hayo, lipi, na amuulize nani... akisema thelathini na saba Mutunga atakuja huku, ataitazama sahani, atajua imekatwa na nani, na Mona atauliza nini, nini tena, na kufika magharibi Rukiya mjane wa Bassam atakuwa ameketi mbele yake ameshika mtandio wake, miaka kumi na mmoja ya kumpelekea mkate wa mofa kila Ijumaa, shemeji, shemeji... na akisema saba, Jumamosi Mona atamtia mamake ndani ya gari hili wapite Makupa... hapana, gari halitatoka, ufunguo anao yeye, kadi ya gari anayo yeye, likishafungwa atamwambia Mona, mwanangu, mimi sina imani na kazi ya mtu huyu, nilikwambia usimlete, na Mona ataamini, wote wataamini, wameshazoea... mkono wake umekwisha kufika kwenye geji, wailegeza, sindano yaanguka kwenye sifuri kama kitu kilichochoka kusema.

"Saba," akasema.

"Saba?" Mutunga akaiweka spana chini. "Una hakika, Mzee? Mimi nilidhani ile sahani..."

"Mimi nimeona."

"Haya. Kama umeona." Akatambaa akaingia chini ya gari, bega kwa bega naye, jasho lake lanuka vile vile, akapapasa ukingo wa sahani kwa kidole mara moja, akaondoa kidole. Likaamuliwa hivyo, na aliyelitimiza ni Mutunga, boliti nane, moja baada ya moja, kwa mikono yake mwenyewe, na Abdulkadir alimshikia tochi.