Mwiko Mkononi mwa Donat

Donat Mwenze na mkewe Albertine Chanda walihamia Katuba siku zile ambazo mtaa ulikuwa bado unanuka saruji na miti iliyopandwa kando ya barabara ilikuwa haijafika kiunoni mwa mtu. Donat alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya reli. Albertine alikuwa msaidizi wa wakunga katika materinite moja ya mjini, hospitali ya wanaojifungua, na katika barabara yao yote ni yeye peke yake mwanamke aliyetoka alfajiri na aproni nyeupe imekunjwa mkobani. Binti yao Annie, mtoto wa miaka minne, walimwacha kwa Virginie, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Asubuhi waliiweza. Jioni ndiyo iliyowashinda.

Donat alikuwa akifika wa kwanza, kwa baiskeli, jua likizama. Alimchukua Annie, akatoa kiti, akakaa mlangoni kumsubiri mkewe. Albertine alikuja baadaye, kwa miguu, maana hakuna anayeaga kazi mama akiwa katikati ya uchungu. Akifika, hata viatu havui. Anawasha makaa kwenye mbabula, lile jiko la bati lenye matundu, anapepea, anachambua mboga, anachemsha maji, anasonga bukari, yaani ugali. Donat anaendelea kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa mahali ambapo wanaume wote wa barabara ile walikuwa wamekaa.

Jioni moja ya masika Albertine alifika amelowa mpaka mifupani. Alimkuta Donat kitini, gazeti la zamani mapajani. Annie alikuwa amelala sakafuni kando ya mfuko wa unga, midomo myeupe, ngumi moja imefumbata unga mbichi. Mtoto alikuwa amejilisha mwenyewe.

“Mutoto alikula nini?” Albertine aliuliza.

“Nilikuwa nakungoja weye.”

“Nauliza mutoto. Siulizi weye.”

Albertine alimfuta mtoto midomo, akawasha moto, akapika uji, akamwamsha na kumnywesha. Hakupika kitu kingine. Kisha akasimama mbele ya mumewe, maji yakimtiririka kutoka kwenye nywele.

“Tangu kesho, mwenye kufika wa kwanza njo atawasha moto. Nikifika mimi, ni mimi. Ukifika weye, ni weye.”

“Mimi? Mwanaume muzima nipike bukari? Bantu ba hapa batasema nini?”

“Basi niache kazi?”

Donat alitazama chini. Alikuwa akiwasikia wanawake wa mtaani wakimwamkia mkewe kwa heshima, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa amewapokelea watoto wao. Jambo hilo lilimvimbisha kichwa yeye kuliko hata Albertine mwenyewe.

“Hapana,” alisema. “Usiache.”

Kupika alikuwa anajua. Kabla ya kuoa, kambini kwa vijana wa reli, kila mmoja alikuwa na zamu yake ya chungu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Kicheko kilikuwa kikimngoja mwanaume baada ya ndoa. Basi Donat akapata ujanja. Aliingiza mbabula ndani, akafunga mlango, akafunga dirisha, akapikia humo humo kama mwizi. Albertine akifika anakuta chakula kimefunikwa, mbabula imerudishwa uani, na mumewe kitini mlangoni, anapiga miayo. Virginie na wenzake walidhani Albertine anaamka usiku kupika. Albertine hakupenda, ila mtoto alikuwa anakula kwa wakati, akanyamaza.

Halafu ikaja ile jioni. Albertine alikuta mlango umefungwa. Akagonga, kimya. Akagonga tena kwa kiganja kizima. Donat alifungua akiyumba, macho mekundu, ameshika ukuta. Nyuma yake Annie alikuwa amelala mkekani, ametapika, shingo imelegea.

Albertine hakupiga kelele wakati ule. Alimkwapua mtoto, akamtoa nje kwenye manyunyu, akamlaza begani, akampiga mgongoni, akamwita jina lake tena na tena. Annie akakohoa. Akalia. Kilio kile Albertine alikingoja kama anavyongoja kilio cha kwanza cha kila mtoto anayempokea, na alipokisikia tu, ndipo sauti yake yeye ilipotoka, na barabara nzima ikasikia.

“Makala inauaka bantu, Donat! Ndani ya nyumba, mulango umefungwa, inaua! Uliona heri mutoto afe kuliko Virginie akuone na mwiko?”

Virginie, aliyekuwa amekuja mbio na maji, alibaki ameshika kikombe, mdomo wazi. Siri ilikuwa imekwisha. Donat aliketi kwenye ngazi, kichwa kikimgonga, akamtazama binti yake akinywa maji kwa pupa.

Kesho yake alirudi kutoka kazini, akaegesha baiskeli, akakunja mikono ya shati. Angeweza kuweka mbabula uani, nyuma ya nyumba, ambako macho ni machache. Aliibeba mpaka mbele, kando kabisa ya barabara, akaiwasha pale.

Wakamcheka. Wanawake waliotoka bombani waliweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Wanaume waliopita kwa baiskeli walipiga kengele. Kabla ya mwisho wa juma alikuwa na jina: Mama Donat. Jina likapanda baiskeli likafika hadi karakanani, na hapo rafiki yake Liévin akalipokea kwa mikono miwili.

“Mama Donat! Leo mboga ni nini?”

“Lengalenga na samaki ya Luapula,” Donat alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye kazi yake. “Na kwako, jana mulikula nini?”

Liévin alijikuna. “Jana? Muke alikuwa na homa. Hatukukula.”

“Mukalala na njaa? Na iyi mikono yako mbili mizima yote?”

Mafundi waliokuwa karibu walicheka, na safari hii hawakumcheka Donat.

Lakini habari zilifika pia kwa kaka yake mkubwa, Alexis, ambaye Donat alimwita yaya, na Alexis hakuwa mtu wa kutaniwa. Alikuwa mkubwa wa chama cha watu waliohamia mjini kutoka kaskazini na mzee wa kanisa. Hata siku za kazi alivaa tai. Marehemu baba yao alikuwa mmoja wa waliolaza reli ile, na Alexis alilitaja jina lake kama mtu anayegonga muhuri. Alituma ujumbe: Jumatano jioni atakuja na mkewe Brigitte kula kwa Donat, na atakula chakula kilichotoka mkononi mwa shemeki yake Albertine, si mkono mwingine.

“Nitaomba nitoke mapema,” Albertine alisema.

“Uombe,” Donat alisema. “Bakikatala, bakatale.”

Jumatano jioni Albertine hakuonekana. Jua liliegemea paa za Katuba na Donat akajua kuna mama aliyemzuia. Virginie akaja akinong'ona, kitu ambacho hakukizoea.

“Baba Annie, niko na bukari motoni, na kuku. Nitapitisha nyuma. Utasema Albertine alipika akarudi kwa kazi. Yaya yako atakula, atafurahi, ataenda.”

Donat alisimama na kikapu cha mboga mkononi. Ilikuwa rahisi mno. Aliona jioni nzima ikipita salama: Alexis anashiba, anamsifu shemeki, anafuta mdomo kwa kitambaa chake.

“Asante, mama Virginie,” alisema mwishowe. “Lakini hapana. Nikidanganya leo, kila akikuja nitadanganya.”

Akawasha moto palepale mbele.

Alexis alipofika, kofia kichwani na Brigitte hatua chache nyuma yake, alimkuta mdogo wake ameinama, ameshikilia chungu kwa miguu miwili, anasonga bukari kwa nguvu zake zote, jasho likimtoka.

“Muke yako iko wapi?”

“Iko kwa kazi, yaya.”

“Na iyi ni nini?”

“Ni bukari. Karibuni, mukae. Inaiva sasa hivi.”

Alexis hakukaa. Watu walikuwa wameanza kusimama barabarani, na aliwageukia kidogo alipozungumza, kama alivyozoea kwenye mikutano.

“Baba yetu alilaza reli toka kule mpaka huku. Hakushika mwiko hata siku moja. Weye unashika mwiko mbele ya bantu, chini ya jina yake!”

“Baba alikuta chakula kila magaribi kwa sababu mama alishinda nyumbani,” Donat alisema. Mwiko haukusimama. “Muke yangu hashindi nyumbani. Mutoto yangu karibu afe juu ya haya yangu, yaya. Iyo haya niliimaliza. Sina ingine.”

Ndipo Albertine akatokea kwenye kona, aproni bado kiunoni, ina damu iliyokauka. Aliona umati, akaona tai ya Alexis, akaelewa. Akaja moja kwa moja, akaamkia kwa adabu, kwa goti lililopinda kama inavyotakiwa.

“Shemeki,” Alexis alisema, “kesho utaenda kuaga kazi. Ni mimi nasema, mukubwa wa jamaa.”

Albertine alinyooka.

“Yaya Alexis, leo nimepokea mapacha. Mama yao alimwaga damu nyingi, na bado hajapona. Kesho asubuhi nitaenda kumuona. Kesho kutwa pia. Nakuheshimu sana. Lakini kazi sitaaga.”

“Donat! Unasikia vile bibi yako anajibu?”

“Nasikia,” Donat alisema. Alichota bukari, akaipindua kwenye sahani, ikakaa nyeupe na mviringo, inatoa mvuke. Akaweka lengalenga kando, na samaki. Akaleta maji ya kunawa na taulo. “Anasema mambo niliyokuwa nataka kusema mimi. Tukule sasa, inapoa.”

“Mimi sitakula kintu kilichopikwa na mwanaume anayejigeuza muke. Na mutu yeyote wa jamaa asikule hapa. Brigitte, twende.”

Aligeuka, akapiga hatua kadhaa, akagundua kwamba hakuna mtu nyuma yake.

Brigitte alikuwa ameketi kwenye kiti cha Donat. Alikuwa mwanamke mkimya. Wengi wa barabara ile hawakuwahi kusikia sauti yake. Alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, na Annie, aliyependa kazi hiyo, alikuwa anammwagia maji.

“Brigitte!”

“Mimi niko na njaa,” Brigitte alisema.

“Nimesema twende!”

“Nimesikia. Tangu asubuhi nilifua, nikapika ya Alphonse na watoto wengine, nikapika yako ya saa sita, tukatembea kwa miguu mpaka hapa.” Hakupandisha sauti. Aliongea akitazama sahani. “Tangu uliniowa, ni mara ya kwanza chakula kinanikuta nimekaa. Acha nikule, baba Alphonse.”

Akamega tonge, akaliviringisha, akachovya kwenye mboga, akala. Virginie, aliyekuwa amejibana mdomo kwa upande wa kanga, alishindwa, kicheko kikamlipuka, na wanawake wa bombani wakamfuata. Alexis alisimama kidogo zaidi kuliko alivyopaswa. Kisha akashika njia peke yake, kofia ameishusha usoni.

“Chumvi ni kidogo,” Brigitte alimwambia Donat. “Lakini ni muzuri.”

Walikula wote wanne kwenye sahani moja, na Brigitte hakuharakisha. Baadaye Donat alimsindikiza hadi kwake, akisukuma baiskeli kando yake. Njiani alimwuliza kama anaogopa. Brigitte alisema anaogopa, ndiyo, lakini ameshiba.

Mtaa haukubadilika. Jina la Mama Donat liliendelea, ingawa lilichakaa kama jina lolote linaloitwa kila siku, na Annie alipoanza shule alilitaja kwa mwalimu bila kuona ajabu. Mume wa Virginie aliapa mbele ya watu kwamba yeye hatashika mwiko mpaka azikwe, na hakuushika. Alexis alimpiga marufuku Brigitte kufika Katuba, na Brigitte akawa anafika Alhamisi akitoka sokoni, anakaa, anakula, anaenda.

Alexis alilipiza pale alipokuwa na nguvu. Donat alikuwa akiimba sauti nzito katika kwaya ya parokia tangu ujana wake, na watu walisema nyimbo za Pasaka bila yeye ni nyumba bila msingi. Mzee mmoja alitumwa kumwambia kwamba nafasi yake amepewa mwingine, kwamba mwenye kuchekwa barabarani hawezi kusimama mbele ya altare. Hilo lilimuuma kuliko kicheko chote cha barabarani. Siku mbili Albertine alimwona akiunguza mboga kwa mawazo.

“Utaenda kanisani?” alimwuliza Jumamosi jioni.

“Kwa nini nisiende?”

Walienda. Walikaa benchi ya pili, Annie katikati, Albertine na kitambaa chake kipya cha kichwa, Alexis ng'ambo ya njia kati ya wazee. Kwaya ilisimama, ikaanza, na kila mtu akasikia shimo chini ya wimbo, mahali palipokuwa na sauti na sasa hapana kitu. Donat alivumilia ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili ulipofika alisimama palepale kwenye benchi, akashika ukingo wa mbao kwa mikono yote miwili, akafungua kinywa. Sauti ile ikapita juu ya vichwa vya watu, ikajaza mahali pake. Kiongozi wa kwaya aligeuka, akamwona, akasita, kisha akamwinulia mkono wa kumwongoza kama siku zote. Alexis alitazama mbele, shingo imekakamaa. Donat aliimba mpaka mwisho, na hakuketi mpaka wote walipoketi.